Safari ya kumleta nyumbani mtoto mliyemwasili ng'ambo

"Daktari, mimi na mume wangu tumekamilisha taratibu za kuasili mtoto wa miezi saba katika nchi nyingine. Amelelewa kwenye makao ya watoto tangu akiwa na wiki chache. Wiki mbili zijazo tunakwenda kumchukua, na siku tano baada ya kukabidhiwa tutapanda naye ndege kurudi nyumbani. Safari nzima ni saa 19, na tunabadilisha ndege mara moja. Naogopa kila kitu: masikio yake, hewa ya ndani ya ndege, maziwa, kulia kwake mbele ya abiria. Rafiki yangu amenishauri nimpe dawa ya mafua inayoleta usingizi ili alale njia nzima. Mume wangu anataka tumkatie mtoto kiti chake, mimi nilijua mtoto mdogo hupakatwa tu. Tena kuna jambo naona haya hata kulisema: itakuwaje kama atanikataa? Ndugu zetu wote wamepanga kuja uwanjani kumpokea. Nisaidie nijipange."

Hongera sana, mama, wewe na baba wa mtoto. Katika barua yako naona hofu mbili zimechanganyika. Moja inahusu mwili: masikio, hewa, maziwa, dawa. Hiyo ina majibu ya wazi, na sehemu kubwa yake ni hofu iliyozidi hatari yenyewe. Ya pili ni hiyo unayoionea haya, kwamba mtoto atakukataa. Naanza na hiyo ya pili, maana ukiielewa itakusaidia kuamua karibu kila kitu katika safari hii, kuanzia chupa ya maziwa mpaka ndugu wanaosubiri uwanjani.

Kuanzia miezi sita hadi minane hivi, mtoto huanza kutofautisha kwa uhakika watu anaowajua na wageni, na wageni huanza kumtisha. Wako yupo katikati kabisa ya umri huo. Hajui kwamba ameasiliwa. Anachojua ni harufu ya shuka lake, sauti ya mlezi wa zamu ya usiku, mwanga unaoingia dirishani asubuhi na kelele za wenzake kwenye vitanda vya pembeni. Siku mtakayomchukua, vyote hivyo vitakatika kwa mkupuo mmoja. Akilia, akigeuza uso, akijipinda mgongo ukimpakata, anawalilia watu wake. Mtoto anayelilia mlezi wake ameonyesha kwamba aliwahi kushikamana na mtu, na aliyewahi kushikamana na mtu anaweza kushikamana na mwingine. Kilio hicho kitakuuma, lakini mimi nikikisikia kwa mtoto wa umri huu nafarijika.

Kuna watoto ambao hawalii kabisa. Wanatulia tuli, wanalala kupita kiasi, wanabebwa na yeyote bila neno, hata njaa hawaisemi. Wazazi hufurahi wakisema wamepata mtoto mpole. Mtoto wa namna hiyo mimi humwangalia kwa makini zaidi. Pengine amezidiwa na mabadiliko akajifunga ndani, au amekaa mahali ambapo kulia hakukumletea mtu, akaacha. Kama wako atakuwa hivyo, msisubiri awaombe. Mlisheni kwa saa zake, mpakateni hata akiwa hajalia, na kila akifumbua macho awakute karibu. Baada ya siku au wiki kadhaa huenda akaanza kulia na kung'ang'ania nguo zenu. Hapo msidhani ameharibika. Ameanza kuamini kwamba akiita mtu atakuja.

Siku zenu tano ni chache, ila zinaweza kufanya kazi kubwa zikitumika vizuri, na ningependa mwanze hata kabla ya siku ya makabidhiano. Ombeni mkae makaoni kwa muda wowote mtakaoruhusiwa, na mkiwa pale tazameni mikono ya walezi. Wanamshikaje anapokula? Wanambembelezaje alale, kwa kumpigapiga mgongoni au kwa kumtikisa? Penye watoto wengi na walezi wachache, mara nyingi mtoto hulishwa akiwa amelala kitandani, chupa imeegemezwa kwenye nguo iliyokunjwa, na tundu la chuchu limepanuliwa kwa sindano ya moto ili maziwa yatoke haraka. Sasa mchukue mtoto huyo, mpakate, mtazame machoni, mpe chupa mpya yenye tundu dogo. Atavuta mara mbili tatu, atakasirika, ataisukuma. Mama anaondoka pale akiamini amekataliwa yeye, kumbe mtoto amekataa chuchu.

Kwa hiyo ombeni chupa yake mwenyewe, au mwone chuchu anayotumia mnunue zinazotoa maziwa kwa kasi inayokaribiana nayo. Mkishatulia nyumbani ndipo mtamshusha polepole hadi kasi ya umri wake. Jambo moja tu msiliige: kumlisha akiwa chali, kwa sababu maziwa yanayokuja kwa kasi humpalia. Mwinueni kichwa na kifua. Akiwa hapendi kutazamana anapokula, mkalisheni mgongo wake ukiwa kifuani kwenu, uso ukielekea mbele. Wengi hunywa vizuri hivyo siku za mwanzo, na taratibu huanza kugeuza shingo wenyewe kumtafuta anayewashika.

Nguo au blanketi analolalia, liombeni, na msilifue. Linuke tu. Ndicho kitu pekee cha zamani kitakachopanda naye ndege. Ombeni pia kila taarifa iliyopo: uzito wa kuzaliwa, kama alizaliwa njiti, magonjwa aliyougua, dawa alizopewa, chanjo na tarehe zake, chochote kinachojulikana kuhusu afya ya mama mzazi. Pigeni picha kitanda chake na walezi wake, kwa ruhusa yao. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unazitaka nchi wanachama zihifadhi taarifa za asili ya mtoto, zikiwemo za wazazi wake na historia ya matibabu, lakini kwa uzoefu wangu karatasi iliyo mkononi mwenu siku ile ina thamani kuliko ahadi ya kutumiwa baadaye. Kuhusu jina, mtoto wa miezi saba tayari hulitambua jina lake. Kama mnampa jipya, liunganisheni na la zamani kwa miezi kadhaa.

Maziwa yawe yale yale anayotumia sasa, aina ile ile na hatua ile ile. Hata kama mmesoma kwamba kuna bora zaidi, wiki ya safari si wakati wa kubadilisha. Tumbo la mtoto aliyehama mazingira, saa na walezi lina mengi ya kuzoea, na mkiongeza maziwa mapya akaharisha angani, hamtajua kama ni maziwa, ni vijidudu au ni uchovu. Nunueni ya kopo ya kutosha safari na wiki mbili za nyumbani, kisha mchanganye kidogo kidogo mkielekea kwenye mapya. Ulizeni pia wanachanganya vijiko vingapi kwa maji kiasi gani. Mkikuta wanayazimua ili kopo lidumu, nyinyi fuateni vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo. Maji yakizidi, chumvi ya mwilini hushuka na mtoto anaweza kupata degedege. Vyakula vya kulainisha aendelee na vile alivyokwisha kuvizoea tu. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa sababu yoyote.

Unga wa maziwa ya kopo haujaondolewa vijidudu vyote, yaani unaweza kuwa na bakteria hata kopo likiwa jipya. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri uchanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto la angalau nyuzi 70, kisha chupa ipozwe kabla ya kumpa mtoto. Ndani ya ndege wahudumu wana maji ya moto. Bebeni unga uliopimwa tayari kwenye vikopo vikavu, muombe maji, mchanganye, mpoze, na mjaribu matone kwenye kiwiko cha mkono. Chupa iliyokaa saa mbili bila kunywewa imwagwe, na mabaki ya chupa aliyokwisha kuinyonya yasihifadhiwe. Maji ya bomba la choo cha ndege msiyatumie hata kusuuzia chupa. Kama aina yake inapatikana ikiwa ya maji tayari kwa kunywa, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, na viwanja vingi huruhusu maziwa ya mtoto kupita ukaguzi hata yakizidi kile kikomo cha mililita 100 kinachowekwa kwa vimiminika vya mkobani, mradi muyatoe na kuyaonyesha. Hesabuni ya saa 19, kisha muongeze ya siku nzima. Ndege huchelewa, na kwenye uwanja wa kuunganisha hamtapata kopo lile lile.

Sasa masikio. Wengi huogopa ndege inapopaa, ilhali shida hasa huja inaposhuka. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Ndege ikipanda, hewa ya chumbani hutanuka na kujitokea yenyewe. Ikishuka, hewa inatakiwa kuingia, na mrija ule ni kama mlango unaosukumika kwa nje tu: kuufungua kutoka upande wa pili kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo ni kumeza. Kwa mtoto mchanga mrija ni mfupi na mwembamba, na mafua kidogo tu huuziba. Dawa basi ni kumpa kitu cha kumeza wakati wa kushuka. Ndege za masafa marefu huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua, mapema kuliko abiria wengi wanavyotambua. Mwombe mhudumu awaambie wakianza, na chupa muiweke akiba kwa wakati huo. Akiwa amelala usingizi mzito, mimi ningemwamsha taratibu anywe, kwa sababu usingizini humezi sana. Akigoma chupa akalia, kilio nacho hufungua mrija.

Akiwa na mafua, onaneni na daktari siku moja au mbili kabla ya safari amwangalie masikio. Mara nyingi jibu ni kwamba anaweza kusafiri, akipewa parasetamoli kabla ya kushuka kama masikio yanauma. Dozi yake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Kwa hiyo mpimeni uzito kabla ya kuondoka, na msome chupa ina miligramu ngapi kwa kila mililita, maana chupa hutofautiana sana.

Hewa ya ndani haina haja ya kukunyima usingizi. Shinikizo lake hulingana na la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na mtoto mwenye mapafu na moyo mzima hulimudu. Inabadilika kama alizaliwa njiti akawa na shida ya mapafu, kama ana tatizo la moyo, upungufu mkubwa wa damu au selimundu. Hapo anahitaji daktari aamue kwa kumwona, na pengine oksijeni ya safari ambayo shirika la ndege hutaka kuarifiwa mapema.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako nitasema bila kuzungusha: usimpe. Najua ameusema kwa upendo, na watu wengi wamewahi kufanya hivyo bila kuona madhara. Dawa hizo za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama promethazini na difenihidramini, hupunguza msukumo wa kupumua kwa watoto wadogo. Huko Marekani tangu mwaka 2004 promethazini hubeba onyo rasmi kwamba isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wapo waliokufa kwa kushindwa kupumua. Sasa fikiria kumpa mtoto dawa hiyo mahali penye oksijeni pungufu kidogo, abiria wamelala na taa zimezimwa. Tena baadhi ya watoto ikiwaingia hufanya kinyume, wanachangamka na kulia kwa saa nyingi. Mbali na hayo, huyu ni mtoto anayejaribu kujua nyinyi ni nani, na anahitaji akili yake iwe macho apate kuwazoea.

Kwenye kiti, nakubaliana na mumeo. Chini ya miaka miwili mashirika mengi huruhusu mtoto apakatwe, kwa hiyo nawe hukukosea, na watoto wasiohesabika husafiri hivyo wakafika salama. Lakini ndege ikiyumba ghafla, mikono ya mzazi haiwezi kumshika mtoto wa kilo nane, hata mzazi awe na nguvu namna gani. Katika ajali ya ndege ya United namba 232 huko Sioux City mwaka 1989, wazazi waliokuwa na watoto wa kupakatwa waliambiwa wawaweke sakafuni kabla ya kuanguka. Mmoja wa watoto hao alifariki, na msimamizi wa wahudumu wa ndege ile, Jan Brown, alitumia miaka mingi baadaye kudai kila mtoto awe na kiti chake. Kama fedha inatosha, mkatieni kiti, mchukue kiti cha gari cha mtoto chenye lebo ya kuruhusiwa kwenye ndege, na muulize shirika upana wa viti vyao kabla ya kununua. Atakuwa na mahali pa kulala palipofungwa vizuri, na nyinyi mikono yenu itapata nafasi ya kupumzika.

Fedha ikiwa haitoshi, ulizeni mapema kitanda kidogo kinachotundikwa kwenye ukuta wa mbele ya safu ya kwanza. Ni vichache, vina kikomo cha uzito, na mtoto hutolewa kila taa ya mikanda inapowaka. Anayeweza kukaa mwenyewe pengine hatakubaliwa. Akipakatwa, msimfunge ndani ya mkanda mmoja na mtu mzima, kwa maana uzito wako ndio utakaombana. Mashirika ya Ulaya hutoa mkanda wa ziada wa mtoto unaopita kwenye wa mzazi, Marekani umekatazwa. Fuateni maelekezo ya ndege mliyomo.

Mbeleko au kibebeo cha kifuani kitakuwa rafiki yenu kwenye foleni na vijia vya ndege. Uso wake uonekane muda wote, na kidevu kisigusane na kifua. Anayembeba asilale. Pangeni zamu: mmoja akisinzia mwingine awe macho, kwa sababu mtu mzima aliyechoka kwa saa 19 hulala bila kujua, na mtoto anaweza kukosa hewa kifuani pake.

Karatasi nitazipitia haraka, ila kuna mambo mawili ambayo huwanasa hata wazazi makini. Mtoto atasafiri na pasipoti ya nchi aliyozaliwa. Nyinyi huenda hamhitaji viza kupita kwenye uwanja wa kuunganisha, lakini yeye akaihitaji, na familia zimewahi kuzuiwa kupanda ndege kwa sababu hiyo. Ulizeni ubalozi wa nchi hiyo ya katikati leo, si wiki ijayo. La pili, jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, hata kama mahakama imekwisha kumpa jina la ukoo wenu. Amri ya mahakama ya kuasili, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kufuata Mkataba wa The Hague kama nchi zote mbili ni wanachama, viza yake na kadi ya chanjo viwe kwenye mkoba wa mkononi, nakala zake ziwe kwa mwenzako. Ofisa akiwauliza kwa nini mtoto hafanani nanyi au ana jina tofauti, jibuni kwa utulivu na mtoe karatasi. Maswali hayo yanamlinda mtoto dhidi ya wanaosafirisha watoto kwa hila.

Atalia ndani ya ndege, pengine kwa muda mrefu. Abiria watatoa ushauri, na mama mmoja mwema atanyoosha mikono amsaidie. Mshukuruni, na mtoto abaki kwenu. Kwa mtoto mwingine kupitishwa mkono hadi mkono si kitu, lakini huyu amekwisha kupita kwenye mikono mingi, na somo analohitaji sasa ni kwamba wapo wawili tu ambao hawamwachii mtu. Mbebe, tembea naye, imba kwa sauti ndogo karibu na sikio lake. Akiendelea kulia, umefanya kazi yako: amelia akiwa ameshikwa.

Kuna hali ambazo hamtakiwi kupanda ndege kabla ya kuonana na daktari uso kwa uso, hata tiketi ikipotea. Kupumua haraka, yaani pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa umri wake akiwa ametulia, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa. Homa inayorudi kila dawa ikiisha. Kutapika kila anachokunywa. Kuharisha huku utosi umebonyea, mdomo umekauka, halii kwa machozi, au nepi imekaa kavu saa sita na zaidi. Damu kwenye choo. Kulegea kiasi cha kushindwa kunyonya, au degedege. Bebeni chumvi ya kuzuia upungufu wa maji, ile ya pakiti inayochanganywa na lita moja ya maji safi, na mjue kuichanganya kabla ya kuihitaji. Dalili hizi zikianza mkiwa angani, mwambieni mhudumu mara moja. Ndege nyingi zinaweza kuwasiliana na daktari aliye nchi kavu.

Nikija kwa ndugu zako, najua hili litakuwa gumu kulisema. Wamesubiri pamoja nanyi, wana haki ya kufurahi. Lakini mtoto atatoka kwenye ndege akiwa hajui mchana ni upi na usiku ni upi, na umati wenye kelele na mikono mingi ndicho kitu cha mwisho anachohitaji. Waambieni waje wawili watatu wa kuwabebea mizigo, wengine waje baada ya wiki, kwa zamu. Wakija, wafue, wapike, waoshe vyombo. Kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza vibaki kwenu wawili kwa wiki kadhaa za kwanza. Bibi ataumia kidogo. Mweleze kwamba mtoto akishajua mama na baba ni nani, nafasi ya bibi itakuwa kubwa zaidi.

Kuna sababu ya kiafya pia. Magonjwa hupita pande zote mbili. Mwaka 2004 surua ilizuka miongoni mwa watoto walioasiliwa kutoka China kwenda Marekani, ikawafikia na watu wengine. Wanaoishi nyumbani kwenu wahakikishe wana chanjo za surua, kifaduro na homa ya ini B, na kama mtoto anatoka nchi ambayo homa ya ini A imeenea, wapate na hiyo, dozi ya kwanza ikiwezekana wiki mbili kabla hamjafika. Watoto wadogo hubeba virusi vya homa ya ini A bila kuonyesha dalili, na anayewabadilisha nepi ndiye huugua.

Mpelekeni kwa daktari wa watoto ndani ya wiki mbili tangu mfike, hata akionekana mzima kabisa. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya viza ulitafuta magonjwa machache yanayoihusu idara ya uhamiaji, hautoshi. Daktari atataka kupima damu, homa ya ini B na C, kaswende, VVU, kifua kikuu, tezi ya shingo, madini ya risasi na minyoo kwenye choo. Atamwangalia upele, macho, masikio na ukuaji, kisha aamue chanjo zipi zihesabiwe na zipi zirudiwe. Baadhi ya vipimo hurudiwa baada ya miezi sita, kwa kuwa maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Tena mjue hili kabla hamjasoma karatasi za makao: kipimo cha kingamwili cha VVU kikionyesha chanya kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kinaweza kuwa kimeona kinga za mama mzazi. Kinachotoa jibu ni kipimo cha PCR kinachotafuta kirusi chenyewe.

Usingizi utavurugika kwa siku kadhaa, kwa kawaida karibu siku moja kwa kila saa ya tofauti ya majira. Asubuhi mtoeni kwenye mwanga wa jua, usiku taa ziwe hafifu na maneno machache. Alale chali kwenye kitanda chake, ndani ya chumba chenu, mahali ambapo mkono wako unamfikia.

Na wewe mwenyewe, mama. Kuna wazazi ambao hupenda siku ile ile, na kuna ambao kwa wiki nyingi humhudumia mtoto kwa uaminifu huku moyo ukiwa mtupu, wakijiona waovu. Hali zote mbili ni za kawaida. Lakini ukiona wiki mbili zimepita unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, huwezi kula, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, baba naye vilevile. Huzuni nzito baada ya kuasili ipo na inatibika. Kliniki nyingi huwauliza maswali haya akina mama waliojifungua tu, kwa hiyo usisubiri kuulizwa. Ingia useme mwenyewe kwamba mmeasili mtoto, ni wiki ya ngapi, na unajisikiaje.